Nafaka Itangulie Mvua

Mgeni apitaye katika Mkoa wa Singida mwezi wa Januari hawezi kusadiki kwamba apita katika nchi yenye njaa. Mvua imekwisha kunyesha. Mashamba ya mtama na uwele yamekuwa kijani. Alizeti zimeinua shingo. Madimbwi yamejaa maji, na ng'ombe waliokonda tangu Septemba wamepata majani ya kula. Macho ya mgeni huona neema kila yanakogeuka. Lakini ndani ya nyumba, katika kihenge ambamo mavuno ya mwaka uliopita yaliwekwa, mkono ukitiwa hugusa sakafu. Shamba lililo kijani halijawa chakula bado. Mtama wahitaji miezi mingine mitatu au minne kabla haujakatwa, na tumbo halina kalenda ya kungojea hivyo. Wageni hutazamia njaa ije na vumbi; njaa ya nchi hii huja na majani.

Hapo ndipo ilipo shida yote ya kazi ambayo siku hizi huitwa ugavi wa misaada. Neno ugavi limetoka katika kugawa, nalo humdanganya asikiaye, kwa maana humfanya afikiri kwamba kazi ni ile ya siku ya mwisho: magunia yamepangwa chini ya mti, majina yanasomwa, na kila mtu anapewa fungu lake. Siku hiyo ni ndogo kuliko zote. Kabla yake kuna kukadiria, kuomba fedha, kununua, kupima, kukodi malori, kukodi ghala, kulinda panya na wezi, kuandika hati, kufunga turubai, kufungua turubai, na kuandika hati tena. Kila shirika la misaada lifanyalo kazi katika mkoa halina budi kuwa na mtu mmoja wa kuyaongoza hayo yote, na aghalabu mtu huyo hajulikani hata na wale wanaokula kwa kazi yake.

Mvua ileile iletayo majani ndiyo ifungayo njia. Barabara kuu itokayo Dodoma, ikapita Manyoni na Singida na kuelekea Nzega, ina lami, na malori makubwa ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hupita juu yake usiku na mchana. Lakini watu wenye njaa hawakai barabarani. Hukaa ndani, mwisho wa njia za udongo, na udongo wa mbuga za nchi hiyo ni mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu, na wakati wa mvua hunata hata tairi la lori likawa gurudumu la matope. Chini ya Mlima Sekenke, katika mbuga ya Wembere, maji hutanda juu ya nchi iliyokuwa kavu wiki chache kabla. Upande wa Mkalama, mto Sibiti uliwatenga watu wa Singida na watu wa Meatu kila mwaka wa mvua nyingi, mpaka daraja lake lilipokamilika baada ya kungojewa miaka mingi. Kwa hiyo msimu wa kuhitaji nafaka na msimu wa kutoweza kuifikisha ni msimu mmoja. Asiyepeleka magunia kabla ya Desemba hupeleka udhuru mwezi wa Februari.

Na afikirie msomaji mwanamke mmoja katika kazi hiyo. Hana jina katika insha hii, wala shirika lake halina jina. Ametungwa ili awe mfano wa wengi, wanaume kwa wanawake, waliowahi kukalia kiti chake. Ni mwezi wa Oktoba. Ameketi katika ofisi ndogo mjini Singida, si mbali na Ziwa Singidani ambalo maji yake ya chumvi yamerudi nyuma na kuacha ukingo mweupe. Mezani ana karatasi za hesabu. Mvua za mwaka uliotangulia zilikatika mapema. Mtama wa vijiji fulani ulichanua bila kujaza mbegu. Bei ya debe la mahindi sokoni imepanda kidogo. Bei ya mbuzi imeshuka kidogo. Hakuna mtu aliyekufa, hakuna mtoto aliyepigwa picha, hakuna gazeti lililoandika neno.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mashirika ya misaada huchukua kilokalori 2,100 kuwa mahitaji ya mtu mmoja kwa siku, na sehemu kubwa ya hizo hutoka katika nafaka, yapata gramu 400. Kwa siku 30 hiyo ni kilo 12. Kijiji cha watu 2,500, kama wote wangekuwa na haja, kingekula tani 30 kwa mwezi, yaani magunia 600 ya kilo 50. Na kwa miezi minne ya mwambo, tani 120. Malori manne ya tani 30 yatosha kuzileta mpaka mjini. Lakini lori la tani 30 halipiti njia ya kijiji. Lazima mzigo ushushwe, uhesabiwe, ulale ghalani, kisha upakiwe tena katika Fuso la tani 7, na safari nne huwa safari 18. Kila kushusha na kupakia kuna gunia linalochanika, na kila gunia linalochanika lina mtu anayelitazama.

Hesabu hii hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Ugumu uko katika jambo ambalo haliwezi kuhesabiwa: ni lazima nafaka iombwe wakati njaa haijaonekana. Wenye fedha, ambao wengi hukaa mbali na Singida kuliko mwezi unavyokaa mbali na ziwa, hutaka ushahidi, nao wana haki ya kuutaka, kwa sababu fedha hizo si zao pia. Ushahidi mzuri ni watoto waliodhoofu waliopimwa na kuandikwa. Lakini ushahidi huo ukipatikana, njia imekwisha kufungwa. Mwanamke huyu aombwa athibitishe moto kabla ya moshi. Akingoja moshi, maji yake yatafika kwenye majivu.

Akikosea upande mmoja, watu huanza kuuza. Kwanza huuza kuku, na kuku wa Singida wana sifa mpaka Dar es Salaam, kisha mbuzi, kisha ng'ombe wa kulimia. Kila mmoja anauza siku ileile anayouza jirani, kwa hiyo bei huanguka, na mnyama aliyelelewa miaka minne hutoka zizini kwa thamani ya magunia mawili. Baadaye huuza kazi zao: baba aliyepaswa kupalilia shamba lake huenda kupalilia la mwingine ili apate posho ya siku, na shamba lake likaliwa na magugu, na njaa ya mwaka huu ikazaa ya mwaka ujao. Hayo yote yaweza kutokea bila mtu hata mmoja kufa, na kwa hiyo hayaingii katika taarifa.

Akikosea upande wa pili, mvua njema ikanyesha na mavuno yakawa mengi, magunia yake huwa adui wa mkulima. Nafaka ya bure ikiingia sokoni, hata kwa mlango wa nyuma, mtama wa mtu aliyelima kwa jasho hukosa mnunuzi. Mwaka unaofuata hulima eneo dogo zaidi. Kuna watu wema wengi duniani ambao hawajapata kufikiri kwamba wema wao una uzito wa kilo na waweza kumwangukia mtu.

Nchi hii si ngeni wa mambo ya posho na njia. Kabla ya reli na kabla ya lami, misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, ikalipa hongo kwa wenyeji, kisha ikaingia katika pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo sehemu yake kubwa imo leo katika upande wa Manyoni na Itigi. Burton alilipita mwaka 1857. Stanley alilipita mwaka 1871. Na maelfu ya wapagazi ambao hawakuandika vitabu walilipita mara nyingi kuliko hao wawili. Kiongozi wa msafara alijua kwamba chakula cha kuvuka pori hununuliwa kabla ya pori. Kila mpagazi alipewa posho yake, kibaba cha nafaka kwa kutwa, na mwenye kuila yote siku za mwanzo alivuka siku za mwisho kwa huruma ya wenzake. Kama kazi ya ugavi katika Singida ingetafutiwa babu, babu huyo angekuwa mnyapara wa msafara asimamaye mwisho wa Ugogo, akitazama mbingu na kuhesabu vichwa.

Lakini ukoo huo una babu mwingine ambaye hapendezi kutajwa. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa njia ya Saranda na kupita Manyoni. Wengi hudhani kwamba njia ni jambo jema lenyewe, kwamba kijiji kilichofikiwa na gari kimeokoka. Ugogo, ambao upande wake wa magharibi umo katika Wilaya ya Manyoni, ulijifunza vingine. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, jeshi la Wajerumani lilichukua nafaka, likachukua ng'ombe, likachukua wanaume wa kubeba mizigo. Mwaka 1916 Waingereza waliishika nchi hiyo, nao wakachukua vilevile, kwa kuwa matumbo ya majeshi hayatofautiani kwa bendera. Kisha mvua ilikosa. Watu waliokuwa na desturi ya kuvumilia mwaka mmoja wa ukame kwa akiba ya kihenge na kwa kubadilisha ng'ombe na nafaka ya majirani, walikuta kihenge kitupu, zizi tupu, na jirani mtupu kama wao.

Njaa hiyo, iliyodumu tangu 1917 mpaka 1920, Wagogo waliiita Mtunya, neno ambalo ndani yake mna maana ya kugombania na kunyang'anyana. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika watu yapata 150,000: mmoja katika kila watano. Mvua ilikuwa na hatia, hapana shaka; lakini mvua ilikuwa imekosa mara nyingi kabla ya hapo bila kuua mmoja katika watano. Safari hii hatia ilikuwa ya ugavi. Ulikuwa ugavi uliofanya kazi vizuri mno, kwa upande mmoja tu: kila kitu kilitoka.

Katika mwaka huo wa 1916 dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika Iramba, ilifuliwa mjini Tabora kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Sarafu hizo hutafutwa mpaka leo na wakusanyaji wa vitu vya kale, nazo huhifadhiwa katika vitambaa laini. Nani ahifadhiye kumbukumbu ya vihenge vilivyofagiliwa mwaka uleule? Swali hili si la kuwalaumu wakusanyaji. Ni la kuonyesha tu kwamba katika kila ugavi kuna kitu kilichohesabiwa kwa makini na kitu ambacho hakikuhesabiwa, na yafaa kutazama kila mara ni kipi.

Reli yenyewe haikuwa mwaminifu kwa Singida. Katika miaka ya 1930 tawi lilijengwa kutoka Manyoni kwenda kaskazini mpaka Kinyangiri. Katika miaka ya 1940 liling'olewa, na vyuma vyake vikaenda kutumika kwingine. Wazee waliozaliwa na kuisikia filimbi ya gari la moshi walizeeka bila kuisikia, mpaka tawi jingine la Manyoni na Singida lilipojengwa mwishoni mwa karne. Sasa iko reli mpya yenye mataruma mapana. Abiria walianza kusafiri juu yake kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na njia yake yaendelea kujengwa kuelekea magharibi kupitia nchi ya Manyoni. Kwa msimamizi wa ugavi habari hiyo ni njema. Hata hivyo anajua kwamba kituo cha reli kilicho karibu hakikaushi njia ya udongo kati ya stesheni na kijiji.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kila mwenye ghala ajua kwamba huoza. Mahindi yakiingia ghalani na unyevu uliozidi sehemu 13.5 katika 100 yataota joto, na joto litaota ukungu. Magunia yakipangwa moja kwa moja juu ya sakafu yatavuta maji kutoka chini. Yakiegemea ukuta, yatavuta kutoka pembeni. Kwa hiyo hupangwa juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, tabaka kwa tabaka, kama matofali yanavyofungana, ili mtu aweze kuyahesabu kwa kuzunguka na ili rundo lisimwangukie mhesabuji. Ghala zuri lina harufu ya vumbi kavu. Mwanamke wa mfano wetu hufungua mlango asubuhi na kunusa kabla ya kusoma daftari, kwa kuwa pua huwahi kuliko karani.

Kunusa huko si madaha. Mwaka 2016, katika Mikoa ya Dodoma na Manyara iliyo jirani, watu walianza kuugua homa ya manjano isiyo ya kawaida, matumbo yakijaa maji. Ilionekana kwamba walikuwa wamekula mahindi yenye sumukuvu, sumu itokayo katika ukungu wa nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Wagonjwa walioandikwa walikuwa 68, na 20 kati yao walikufa. Mahindi hayo hayakuwa ya msaada. Yalikuwa ya nyumbani, yaliyolimwa na kutunzwa na walaji wenyewe. Lakini jambo hilo lilimkumbusha kila mtu wa ghala kwamba gunia laweza kumfikia mwenye njaa, likiwa na hati zote na sahihi zote, nalo likamwua.

Na kuna kisa kibaya zaidi kwa watu wa misaada, kwa kuwa chahusu mikono yao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wa Tabora, nchi inayopakana na Singida kwa upande wa magharibi, waliona mdudu mpya katika mahindi yao. Fukusi wa zamani walijulikana. Walikula kwa kiasi, kama wageni wenye adabu. Huyu alitafuna punje mpaka ikawa unga, akatoboa magunzi, akatoboa na mbao za kihenge. Jina lake la kawaida likawa dumuzi. Lakini watu wenye ulimi mwepesi walimwita Scania, kwa jina la malori makubwa yaliyokuwa yakipita, kwa sababu alikuwa na nguvu kama hayo na hakuna kilichomzuia. Asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Alivukaje bahari? Wataalamu wengi huamini kwamba alikuja ndani ya mahindi yaliyoletwa kutoka ng'ambo, na yamkini mahindi hayo yalikuwa ya msaada. Kutoka Tabora alienea nchini na kuvuka mipaka, na wakulima wa Afrika wapo wanaopambana naye mpaka leo.

Kama ndivyo ilivyokuwa, basi nafaka iliyoletwa kujaza kihenge kimoja ilitoboa vihenge vya bara zima. Hakuna mtu aliyekusudia. Mtu mmoja, mahali fulani, katika bandari au katika ghala, hakufungua gunia na kutia mkono. Au alifungua, akaona vumbi la unga, akasema ni vumbi la safari. Malori yalikuwa yakingoja na watu walikuwa na njaa, na haraka ilikuwa na sababu nzuri. Ni vigumu kumlaumu. Ni vigumu pia kutomfikiria, kila mara gunia jipya linapokatwa uzi.

Taifa nalo lilijifunza kwa machungu. Ukame wa miaka ya 1973 mpaka 1975 ulikuta nchi ikihama kuingia vijijini, na bei ya mafuta ikiwa imepaa duniani. Serikali ilinunua nafaka nyingi kutoka nje. Baada ya hapo akiba ya nafaka ya taifa iliwekwa chini ya Shirika la Usagishaji la Taifa, baadaye ikahamia Wizara ya Kilimo, na mwaka 2008 ikakabidhiwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Maghala ya wakala huo yamo Dodoma na Shinyanga, yamo pia Makambako, Songea na Sumbawanga, katika nchi ambazo mvua huonea haya kukosa. Hivyo mtu wa Singida aliyepatwa na ukame aweza kula mahindi ya mtu wa Ruvuma, na jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosifiwa. Katika ukame wa 2005 na 2006, mahindi ya akiba yaliuzwa kwa wenye shida kwa shilingi 50 kilo moja, na wasio na hata hizo walipewa bure. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lililoanzishwa mwaka 1961, lilishiriki pia. Nalo tangu mwaka 2000 lilikuwa na mpango wa chakula cha shule katika mikoa mikavu ya kati na kaskazini, Singida ikiwamo, ili mtoto akute uji darasani asipoukuta nyumbani. Mpango wa namna hiyo una faida ambayo watu wa ghala huipenda: idadi ya walaji yajulikana, siku za kula zajulikana, na sufuria haina itikadi.

Mahindi yasafiri toka kusini, ilhali nchi ya Singida yenyewe yazaa mtama na uwele, nafaka mbili zivumiliazo kiu. Mvua zake ni za msimu mmoja tu, milimita 500 mpaka 800 kwa mwaka, na mahindi katika kiasi hicho ni kamari. Lakini watoto waliokua kwa ugali mweupe huudharau ugali wa mtama, na msaada wa mahindi, mwaka baada ya mwaka, haukusaidia kuondoa dharau hiyo. Msimamizi mwenye fikira angependa kununua mtama wa Iramba ili aulishe Manyoni, fedha zibaki mkoani. Mara nyingi hukuta kwamba wauzaji ni wengi wenye gunia mojamoja, na kanuni zake za ununuzi ziliandikwa kwa mfanyabiashara mwenye magunia elfu. Kanuni hizo ziliwekwa kuzuia wizi. Zimezuia na mtama.

Mwezi wa Novemba mwanamke yule ameshinda nusu ya hoja yake: amepewa nusu ya alichoomba. Amekwenda kijijini kabla ya malori, kwa kuwa haamini karatasi peke yake. Chini ya mti wa mkutano amemkuta mzee, naye akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuhesabu watu au kuhesabu magunia?"

"Vyote viwili, mzee."

"Basi anza na vihenge. Sisi watu hatukimbii."

Amezungushwa nyumba kwa nyumba, ametia mkono katika vihenge, na mkono umerudi na vumbi. Jioni kamati ya kijiji imesoma majina hadharani: wajane, wazee wasio na watoto, walezi wa yatima, wagonjwa. Jina moja limepingwa kwa kelele, kwa sababu mwenye jina ana mwana mjini. Jina jingine limeongezwa kwa sauti ya mwanamke aliyesimama nyuma kabisa. Zipo njia nyingi za kisasa za kuchagua wenye haja, kwa mashine na kwa alama, lakini bado haijapatikana iliyo kali kuliko macho ya majirani, wala iliyo na upendeleo kuliko hayo. Na baada ya ugawaji, kama ilivyo desturi, waliopata watawagawia wasiopata, usiku, bila orodha. Gramu 400 zitakuwa 250. Taarifa itaandika kwamba walaji walikuwa 600. Mzee ajua kwamba walikuwa kijiji kizima.

Malori yamefika mwanzoni mwa Desemba. Utingo ameshuka wa kwanza, akafungua kamba za turubai. Makuli wamepanga magunia ndani ya darasa moja la shule, juu ya vichanja. Hati ya mzigo yasema magunia 600; yaliyohesabiwa ni 599. Dereva ameapa; utingo ameapa; yamehesabiwa mara ya pili, na mara ya tatu kwa taa. Ni 599. Gunia moja katika 600 si kitu, angesema mtu aliyeshiba. Yeye ameandika 599, ametia sahihi, na amemwambia dereva kwa upole kwamba pengo litakatwa katika malipo ya mwenye lori. Dereva amekunja uso. Yamkini gunia halikupakiwa tangu Singida, na mwenye kosa ni karani wake mwenyewe. Hilo nalo ataliuliza kesho. Kilo 50 ni mwezi mmoja wa watu wanne, nao wamo katika orodha iliyosomwa chini ya mti.

Usiku wa siku ya nne mvua ilinyesha. Ilinyesha juu ya bati za darasa kwa kishindo, na asubuhi njia ya Fuso ilikuwa imekuwa mto mwekundu. Ilinyesha tena Januari, kwa mpango mwema, na Februari haikukatika kama wengi walivyoogopa. Mtama ukajaza. Waliohitaji magunia waliyala, lakini walikuwa wachache kuliko waliokadiriwa, na ilipofika Aprili, ndege wakianza kufukuzwa mashambani, magunia 140 yalikuwa bado darasani, na mwalimu mkuu akitaka chumba chake.

Barua ikaja kutoka makao makuu. Ilikuwa ya adabu. Iliuliza kwa nini nafaka ilipelekwa kabla tathmini haijathibitisha haja, na ni kanuni gani iliyotumika kukadiria. Mwanamke alianza kujibu mara tatu. Mara ya kwanza aliandika juu ya udongo wa mbuga. Mara ya pili aliandika juu ya bei ya mbuzi, ambayo mwaka huo haikuanguka, na hakujua jinsi ya kuthibitisha kwamba haikuanguka kwa sababu ya magunia. Mara ya tatu aliandika tarehe tu, ya kufika malori na ya mvua ya kwanza, moja chini ya nyingine, zikipishana siku nne. Kisha aliiacha karatasi mezani, akachukua ufunguo, akaenda kijijini kufungua magunia 140, moja baada ya jingine, kutazama kama kuna dumuzi.